Sauti ya Mchungaji, Namba ya Mgeni: Sheria za Mtandao za Tanzania na Kenya, na Wajibu wa Parokia Zetu

Siku moja ya Kwaresima iliyopita, wanajumuiya wa parokia mojawapo iliyo karibu na mpaka wa Holili walipokea katika kundi lao la WhatsApp ujumbe wenye picha ya Paroko wao. Ujumbe ulieleza kwamba Padre amevuka kwenda Taveta, simu yake imezimika, ameazima simu ya mtu mwema, na kwamba katekista aliyefuatana naye ameugua ghafla na hospitali inadai malipo ya awali. Namba ya kupokelea fedha ilikuwa ya Kenya. Salamu ilikuwa ile ile ambayo Padre huanza nayo matangazo, na jina la katekista lilitajwa bila kukosea. Kabla kengele ya Malaika wa Bwana haijalia mchana, waamini tisa walikuwa wamekwisha kutuma. Bibi mmoja alituma fedha alizokuwa amemwekea mjukuu wake kwa ajili ya ada. Paroko mwenyewe wakati huo alikuwa kigangoni akimpelekea mgonjwa Komunyo, mahali ambapo simu haishiki mtandao.

Siku mbili nyuma, mama katibu wa Jumuiya alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya adabu, aliyedai kuwa anaandaa orodha mpya ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Akamwambia kwamba atapokea ujumbe wenye tarakimu sita, naye amsomee ili jina lake liingizwe. Mama akasoma. Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti ya WhatsApp katika simu nyingine. Tangu dakika ile mgeni aliketi kimya ndani ya kundi, akiona majina, akisoma matangazo, akijifunza nani humwitaje nani. Mama katibu alidhani simu yake imeharibika, akamngojea kijana wake arudi mwisho wa wiki aitazame.

Waathirika walipokwenda kutoa taarifa upande wetu, waliambiwa kwamba namba ni ya Kenya, basi waende Kenya. Wawili walivuka. Huko wakaambiwa kwamba waliopotelewa wako Tanzania, na fedha zilitumwa kutoka Tanzania, basi warudi Tanzania. Ndipo swali likafika katika ofisi yetu ya mawasiliano ya Jimbo: je, ni sheria ya nchi gani inayomlinda muumini anayeishi mpakani, mwenye shamba huku na duka kule? Tumejaribu kulijibu kwa kadiri tulivyoweza kuzisoma sheria zenyewe, na katika kusoma huko tumejikuta tukiulizwa swali jingine ambalo hatukulitarajia, linalohusu makabati yetu wenyewe.

Tuanze na makosa ya jinai. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Kenya ilifuata Mei 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini sheria inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Sheria hizi mbili zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Zote zinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kughushi, kujivika utambulisho wa mtu mwingine, kujipatia fedha kwa hila, na kusambaza picha chafu za watoto. Aliyeteka akaunti ya mama katibu na kujifanya Paroko amevunja sheria za nchi zote mbili, wala hakuna mwanasheria atakayebisha.

Tofauti yao imo katika adhabu, nayo inastahili kutazamwa. Kwa kosa la ulaghai kwa njia ya kompyuta, sheria ya Tanzania ilivyopitishwa inataja faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7. Sheria ya Kenya kwa kosa la aina hiyo inataja faini isiyozidi shilingi milioni 20 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 10. Tanzania imeweka sakafu, Kenya imeweka dari. Hakimu wa Moshi hawezi kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa. Hakimu wa Voi hawezi kupanda juu yake, bali chini ana nafasi ya kupima ukubwa wa kosa na hali ya mkosaji. Kwa mwizi aliyekomaa huenda sakafu ni nzuri. Lakini sakafu hiyohiyo ipo pia katika kosa la kuchapisha taarifa za uongo, ambapo Tanzania ilitaja faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, na hapo tunakiri kwamba tunasita. Sheria inamlenga anayejua kuwa jambo ni la uongo na mwenye nia ya kudanganya au kudhuru. Hata hivyo, kuthibitisha kilichokuwamo moyoni mwa mtu alipobonyeza kitufe ni kazi ngumu. Nchini Kenya vifungu 26 vya sheria ile, vikiwemo vya taarifa za uongo, vilisimamishwa na mahakama mwezi huohuo vilipotungwa, vikabaki hivyo hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi mwezi Februari 2020 na kuviruhusu. Katika nchi zote mbili wapo waliolalamika kwamba vifungu vya aina hii vinaweza kumnyamazisha mtu mwaminifu pamoja na mwongo. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa.

Mafundisho ya Kanisa, tukumbuke, yanadai zaidi ya sheria. Katekisimu, inapofafanua amri ya nane, haiishii kwa yule anayejua kuwa anasema uongo. Inamhesabia kosa hata yule anayekubali kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ametenda uovu. Kwa hiyo muumini anayesambaza picha ya skrini inayomchafua mwalimu, padre au mwanasiasa, kisha akajitetea kwamba aliipokea tu kama ilivyo, anaweza kuwa salama mbele ya hakimu na bado awe na la kuungama.

Sasa turudi kwa wale waliorushwa kama mpira kati ya Holili na Taveta. Walichoambiwa hakikuwa sahihi. Sheria ya Tanzania inazipa mahakama zetu mamlaka endapo kosa limetendeka nchini, hata kama ni kwa sehemu tu. Na kosa ambalo simu zilizolengwa, akaunti zilizotekwa na fedha zilizochukuliwa vyote vilikuwa Tanzania limetendeka Tanzania, hata kama mwizi aliketi Mombasa. Sheria ya Kenya nayo haimwachi mtu aliyetumia laini ya Kenya kuiba. Kwa hiyo aliyeibiwa ana haki ya kufunguliwa jalada hapa kwetu na kupewa namba ya RB, na akivuka apewe namba ya OB. Tatizo si upungufu wa sheria. Tangu mwaka 2015 fedha za M-Pesa zinavuka kutoka Vodacom ya Tanzania kwenda Safaricom ya Kenya kwa dakika moja, ilhali barua ya upelelezi kutoka mji mmoja wa mpakani kwenda mwingine hupitia makao makuu ya nchi mbili. Mwizi analijua pengo hilo kuliko sisi.

Hatari zenyewe pia zina sura tofauti kidogo. Kenya imekusanya maelfu ya huduma za serikali nyuma ya mlango mmoja uitwao eCitizen: pasipoti, leseni, vibali, hata malipo. Mlango mmoja ni rahisi kwa mwananchi, na ni rahisi pia kwa adui. Mwishoni mwa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliuelemea mfumo huo kwa mafuriko ya maombi bandia ukashindwa kupumua. Wasafiri walikwama, tiketi za reli zikasumbua, malipo ya simu yakayumba. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea, lakini kwa siku kadhaa wananchi walionja maana ya kutegemea lango moja. Kwetu Tanzania, Mei 2025, ilidukuliwa akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X, na humo zikachapishwa habari za uongo na mambo ya aibu. Ikiwa akaunti ya polisi inaweza kutekwa, kundi la Jumuiya lenye watu sitini lina kinga gani?

Hata hivyo, Mtanzania wa kawaida hafikiwi na wadukuzi wa aina hiyo. Yeye hufikiwa na ule ujumbe mfupi tunaoujua sote, unaosema ile pesa itumwe kwenye namba hii. Ni mtego wa kijinga kwa kuutazama, lakini hutumwa kwa maelfu ya watu, na daima yupo mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa pesa siku hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao kwa wasiojisajili ulianza kufunga laini tarehe 20 Januari 2020, ulikusudiwa kuukata mzizi huo. Haukuukata wote, kwa kuwa wapo wanaosajiliwa laini za ziada bila kujua, wakiweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa wakala anayesema mashine imegoma. Tunawasihi waamini wabonyeze *106# na kutazama ni namba ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa 15040. Kwa ndugu zetu wenye laini za Safaricom, namba ya kuripoti ulaghai ni 333. Kenya, katika marekebisho yaliyotiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 2025, imetaja waziwazi kuwa ni kosa kubadilisha laini ya mtu bila idhini yake. Vipengele vingine vya marekebisho hayo vilipelekwa mahakamani mara moja, kama ilivyo desturi ya majirani zetu, na si desturi mbaya.

Tumefika sasa kwenye lile swali la makabati yetu. Mbali na sheria za jinai, kila nchi ina sheria inayolinda taarifa za watu, na hizi haziwahusu wezi. Zinatuhusu sisi tunaozitunza.

Kenya ilitunga yake mwaka 2019, ikajengwa juu ya ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inayolinda faragha, na Kamishna wa kwanza wa ulinzi wa data, Immaculate Kassait, akaanza kazi mwaka 2020. Tanzania, ambayo Katiba yake inalinda faragha katika ibara ya 16, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Hivyo Kenya imetangulia kwa miaka kama mitatu, na katika jambo la aina hii miaka mitatu ni mingi, maana ofisi inayosimamia hujifunza kuuma kwa kuuma.

Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alitangaza faini ambazo kila paroko, mkuu wa shule na mwalimu wa kwaya angepaswa kuzisikia. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Mahali pa starehe palitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Hakukuwa na mdukuzi katika mashauri hayo, wala mwizi. Palikuwa na mtu mwenye simu na nia njema ya kutangaza taasisi yake.

Basi tuulizane. Katika sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, picha ngapi za watoto wa Komunyo ya Kwanza zilipandishwa katika kurasa za parokia zetu, na majina yao chini, na jina la shule? Ni wazazi wangapi walioulizwa? Ofisi yetu nayo haijasalimika. Tulipopitia kurasa zetu tulikuta picha ambazo hatuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mzazi alikubali. Tumeziondoa.

Sheria hizi mbili zinataja taarifa za aina fulani kuwa ni nyeti, yaani zinazohitaji uangalizi wa pekee, na ukizilinganisha utaona zinatazama nyumba moja kutoka madirisha mawili. Ya Kenya inataja imani ya mtu, hali ya ndoa, mali, na habari za familia yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mwenzi. Ya Tanzania inataja imani ya dini, taarifa za watoto, na miamala ya fedha ya mtu. Fungua sasa daftari la ubatizo: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na pembeni maelezo ya Kipaimara na ndoa. Fungua na daftari la zaka: jina, kiasi, mwezi. Hakuna ukurasa katika ofisi ya parokia usioangukia ndani ya mojawapo ya orodha hizo, na kurasa nyingi zinaangukia ndani ya zote mbili.

Hii haina maana kwamba Serikali inalikataza Kanisa kutunza madaftari. Sheria ya Kenya inaruhusu bayana jumuiya za kidini kutumia taarifa za waamini wao kwa shughuli zao halali, mradi zisitolewe nje bila ridhaa ya mwenyewe. Katika usajili, Kenya imewasamehe wadogo, yaani wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo haumfikii anayeendesha shule au kutoa tiba, kwa hiyo parokia yenye chekechea au zahanati haina pa kujificha. Sheria ya Tanzania inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume. Taarifa zikivuja, Kenya inatoa saa 72 Kamishna awe amejulishwa. Tanzania nayo inataka Tume ijulishwe bila kukawia. Faini za kiutawala zinafika shilingi milioni 5 za Kenya, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ikiwa ni ndogo kuliko hizo, na kwa Tanzania hadi milioni 100. Mwenye kubadilisha fedha pale mpakani atakwambia kwamba milioni 5 za kule na milioni 100 za huku zinakaribia kulingana.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na wakati. Sivyo. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa, iliyotangazwa mwaka 1983, inakataza kumharibia mtu jina jema isivyo halali, na kukiuka haki ya kila mtu ya kulinda faragha yake. Kanuni ya 535 inamtaka Paroko ayatunze kwa uangalifu madaftari ya parokia yasiangukie mikononi mwa wasiohusika. Kanuni ya 487 inataka nyaraka za Jimbo zifungwe, na ufunguo uwe kwa Askofu na Kansela peke yao. Mapadre wazee waliofunga kabati la ubatizo kwa kufuli mbili na kwenda nazo kulala walikuwa wakitii jambo ambalo wabunge wa Nairobi na Dodoma wameliandika baadaye kwa lugha nyingine. Tofauti ni kwamba sisi tulilipiga picha daftari lile kwa simu ili kumtumia mtu cheti cha ubatizo haraka, na picha ikabaki humo, na simu ikauzwa.

Kuna jambo moja ambalo sheria za nchi zote mbili bado zinalikimbilia kwa nyuma. Kondoo wa Injili humfuata mchungaji kwa kuwa wanaijua sauti yake. Leo sauti inaweza kughushiwa. Mwaka 2023 picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe ilizunguka dunia nzima na wengi wakaiamini, ilhali ilitengenezwa kwa akili unde. Yeye mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2024, alieleza kwamba naye amekuwa mlengwa wa ughushi wa aina hiyo. Mahubiri ya mapadre wetu yamo mtandaoni, dakika arobaini za sauti safi kila Dominika, malighafi ya kutosha kwa anayetaka kumfanya Paroko aseme asichosema. Kwa hiyo, siku ile ujumbe wa Taveta utakapokuja kwa sauti badala ya maandishi, sikio peke yake halitatosha.

Kwa makubaliano na Mapadre wa dekania yetu, utaratibu ufuatao umeanza. Hakuna Padre, mtawa wala katekista atakayeomba fedha kupitia namba yake binafsi au ya kuazima. Michango yote inapita katika namba ya malipo ya parokia iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Atakayepokea ombi la dharura ampigie mhusika kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, na asipopatikana, angoje. Kila mwenye WhatsApp aweke ile namba ya siri ya hatua ya pili, na vijana wa VIWAWA watakuwa nje ya kanisa kwa Dominika mbili kuwasaidia wazee kuiweka. Tarakimu sita zinazoingia kwenye simu hazisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina la Askofu. Orodha za zaka zenye majina hazitabandikwa tena ukutani wala kupelekwa katika makundi. Kila familia itapewa kadi yake. Fomu ya ridhaa ya picha kwa wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara inapatikana kwa makatekista, nayo ina nafasi ya kusema hapana, na mtoto ambaye mzazi wake atasema hapana hatasimamishwa kando wakati wa picha, bali mpiga picha ndiye atakayejua pa kuelekeza kamera.

Kati ya wale tisa, wawili wamerudishiwa fedha zao. Hao ndio waliopiga simu kwa kampuni zao ndani ya saa ileile, kabla mwizi hajazitoa. Bibi aliyetuma ada hakuwa miongoni mwao, kwa sababu alikaa hadi jioni akiamini kwamba katekista anatibiwa. Jumuiya yake imeamua kumlipia mjukuu kwa awamu tatu. Ya kwanza imekwisha kulipwa, na ya pili inakusanywa Dominika ijayo baada ya Misa, kwa mkono, mbele ya mweka hazina.